Chupa Ikigeuka Rangi ya Chai
Mazungumzo na akina mama wa Busia, Uganda, kuhusu krimu za vitamini C

Asalaam aleikum, mama zangu. Hamjambo dada zangu, na nyinyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka upande wa Kenya, karibuni sana.

Tazameni hapa mezani. Parachichi hili nimelikata sasa hivi. Nusu moja nimeipaka ndimu, nusu ya pili nimeiacha vilevile. Tutazirudia.

Wengi mnaokuja famasi mnaniuliza, "Hii vitamini C itanirudishia ujana?" Ujana haurudi, mama, ila ngozi inasaidika. Ndani ya ngozi mna nyuzi ziitwazo kolajeni, zinazoishikilia kama kamba zinavyoshikilia kitanda. Mwili hauwezi kuzisokota zikakaza pasipo vitamini C. Mbuzi yule aliyefungwa pale nje anajitengenezea vitamini C mwenyewe ndani ya ini lake. Sisi binadamu hatuwezi. Ndiyo maana mabaharia wa zamani, waliokaa baharini miezi bila matunda, walitoka damu kwenye fizi na hata makovu yao yaliyokwisha kupona yakafumuka upya.

Kolajeni hupungua na umri, na hedhi ikishakoma hupungua mbio: karibu asilimia 30 katika miaka 5 ya mwanzo. Kwa hiyo mama akiniambia uso umelegea ghafla, namwamini.

Halafu kuna jua. Ukienda Masaka kutoka Kampala, pale Kayabwe unavuka Ikweta yenyewe, na sehemu kubwa ya nchi yetu iko juu ya mita 1,000. Jua hili linatupiga utosini. Weusi wetu unatukinga, makunyanzi yanatuchelewa. Kwetu sisi uzee hubisha hodi kwa madoa: mashavu yanaingia kiza, paji la uso linakuwa na rangi mbili. Vitamini C hupunguza utengenezaji wa rangi ile, na madoa hufifia taratibu. Nimesema madoa. Haichubui! Ukiuziwa krimu ya kukufanya mweupe kwa wiki moja, shuku kwamba mna haidrokwinoni, dawa ya kuchubua ngozi, au zebaki, na zebaki huharibu figo.

Sasa shikeni chupa hizi mbili za vitamini C ya kupaka, mzizungushe. Hii ya kwanza ni nyeupe kama maji. Ya pili niliinunua mwenyewe kwa hela nyingi, nikaiweka dirishani penye jua, ikawa kama chai ya rangi, nami nikaendelea kuipaka mwezi mzima nikidhani imekolea. Ilikuwa imekufa. Vitamini C halisi, asidi askobiki, inaharibiwa na hewa, mwanga na joto. Basi nunua chupa ndogo, ya kioo cheusi, yenye kifuniko kinachobana, na uiweke mahali pa baridi. Usinunue iliyoanikwa mezani juani, hata bei ikiwa nzuri.

Kwenye lebo tafuta asilimia 10 hadi 20. Zaidi ya 20 ngozi haipokei zaidi, inawasha tu. Mwenye ngozi inayokereka aanze na 10, siku moja apake, siku moja apumzike. Matone machache asubuhi kwenye uso safi, yakauke, kisha mafuta yako ya kawaida, kisha kinga ya jua namba 30 au zaidi. Bila kinga hiyo unachota maji kwa pakacha. Na usubiri miezi mitatu kabla ya kuihukumu.

Mama mmoja hapa mbele ananong'ona: si tupake ndimu tu, iko bustanini? Hapana, mama yangu, nakusihi. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huunguza, yakaacha weusi wa miezi. Ndimu kamulia mboga. Mapera kuleni sana, yana vitamini C kushinda machungwa, ila ukishatosheka mwili hutoa ziada kwenye mkojo. Ndiyo maana uso tunaupakia kwa juu.

Haya, turudi kwenye parachichi. Nyanyueni. Lile lisilo na ndimu limeanza kuwa kahawia, hewa imelila. Lenye ndimu bado kijani, kwa sababu asidi na vitamini C ya ndimu vimeizuia hewa, na vitamini C imekubali kuliwa kwanza. Ngozini hufanya hivyohivyo jua linapoipiga, ndiyo maana kila asubuhi lazima uongeze nyingine. Waliokuja na chupa zao, zitoeni, tuziangalie hapa penye mwanga moja baada ya nyingine.