Apostilbi kwenye kadi ya mgonjwa wa macho

Karibuni, na asanteni kwa kuwahi. Leo tunazungumzia kipimo cha mng'ao ambacho wanafizikia walishakiacha, ila sisi wa macho tunakutana nacho kazini kila wiki: apostilbi.

Tazameni karatasi hii nyeupe. Nimeilaza mezani chini ya taa, na kipima mwanga kilicho kando yake kinasoma laksi 300. Huo ni mwanga unaoiangukia. Lakini jicho haliuoni mwanga unaoanguka; linaona ule unaorudi. Tuseme karatasi inarudisha asilimia 80. Waliotutangulia wangezidisha 300 kwa 0.8 na kusema: mng'ao wake ni apostilbi 240. Hesabu imekwisha. Ndiyo maana walikipenda kipimo hiki. Laksi moja ikiangukia uso mweupe usiopoteza mwanga wowote na unaousambaza sawasawa, unapata apostilbi moja.

Kipimo cha leo ni kandela kwa mita ya mraba. Ili kukifikia, gawanya 240 kwa pai, upate 76.4. Kwa nini pai? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi hukariri tu, na anayekariri siku moja atazidisha pale pa kugawanya. Karatasi inarusha mwanga pande zote zilizo juu yake, nusu tufe nzima, na nusu tufe ni mbili pai kwa steradiani, kipimo cha pembe ya tufe. Johann Heinrich Lambert alieleza mwaka 1760 kwamba mwanga unaotoka kwa mshazari hupungua kufuata kosaini ya pembe yake. Ukiujumlisha wote, upungufu huo unakula nusu, inabaki pai moja. Apostilbi inauliza: uso huu umetoa mwanga kiasi gani kwa jumla? Kandela inauliza: ni kiasi gani kinachokuja upande niliosimama mimi? Pai ndiyo inayotenganisha maswali hayo mawili.

Vipimo vingine vya mng'ao nitavipitia haraka, kila kimoja kwa kandela kwa mita ya mraba. Stilbi ni kandela moja kwa sentimita ya mraba, yaani 10,000 kwa mita ya mraba, nayo haina pai. Lamberti inayo: ni 3,183. Futi-lamberti ya Wamarekani ni 3.426, na watu wa sinema bado wanayo. 14 zao, mng'ao wa skrini ya sinema, ni kandela 48. Mkikuta jedwali la Kijerumani la kabla ya 1948, ulizeni kwanza ni mshumaa gani uliotumika kama kipimo cha mwanga, kwa sababu mshumaa wa Hefner ulikuwa takriban 0.9 tu ya kandela ya leo.

Sasa tuje kwenye bakuli letu, mashine ya kupima uwanja wa kuona: mgonjwa hutazama ndani ya bakuli jeupe na kutuashiria anapoliona doa la mwanga. Mashine ya Hans Goldmann wa Bern, ya mwaka 1945, ina mandhari, yaani mng'ao wa bakuli lenyewe nyuma ya doa, ya apostilbi 31.5. Gawanyeni kwa pai: kandela 10, namba mnayoiona kwenye vitabu vipya. Ni bakuli lilelile. Doa lake lenye mwanga mkali kuliko yote lilikuwa apostilbi 1,000, yaani kandela 318.

Shida inaanzia kwenye desibeli. Desibeli si mng'ao. Inasema doa hafifu kabisa analoliona mgonjwa limefifishwa kiasi gani kutoka kilele cha mashine hiyo, yaani doa lake kali kuliko yote; kila desibeli 10 ni kufifisha mara kumi. Na vilele havifanani: kuna mashine ya apostilbi 1,000, ya 4,000, ya 10,000.

Nilimpokea mama mmoja mwenye glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, akiwa na kadi mbili za kipimo hicho. Jicho la kushoto, sehemu ileile: kadi ya zamani desibeli 20, mpya 10. Ukisoma hivyo tu, mama huyu sasa anahitaji mwanga mara kumi zaidi ili aone. Alikuwa ameshaambiwa jicho linakwisha, na alilia mbele yangu. Nikasoma maandishi madogo chini ya kadi. Ya kwanza ilipimwa kwa kilele cha 10,000, ya pili 1,000. Shukeni desibeli 20 kutoka 10,000, mnafika 100. Shukeni 10 kutoka 1,000, mnafika 100. Kandela 31.8 mara zote mbili, na mandhari na ukubwa wa doa vilikuwa vilevile. Sehemu ile ya jicho haikuwa imeshuka hata kidogo.

Kwa hiyo msiandike desibeli peke yake. Andikeni kilele cha mashine, mng'ao wa mandhari na ukubwa wa doa, kila kadi, hata kama foleni imefika getini. Sasa tuhamie chumba cha pili. Njooni wawili wawili, kipima mng'ao kiko hapa, tuone kama bakuli letu linatoa kandela 10 kweli.