Msumari wa Kimo cha Mtoto

(Mazungumzo na wazazi wa watoto wa chekechea)

Shikamooni wakubwa. Na wadogo zangu, hamjambo? Asanteni kwa kuacha nguo kwenye mabeseni mkaja kunisikiliza.

Mwenyekiti ametufungulia kwa ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Sina ugomvi nayo, ila tukiitaja huwa tunamwangalia samaki peke yake. Mimi leo nataka tuangalie nyumba.

Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka minne, kila jioni nilikuwa namwambia, "Haya, panga vitu vyako." "Naam, mama." Dakika mbili tu, sebule safi. Najisifu kwa majirani! Siku moja nikapitisha ufagio uvunguni mwa kitanda chake. Kikatoka kiatu cha mguu mmoja, kigari cha kopo, daftari la dada yake, na kipande cha muhogo kilichoota ukungu hadi kina manyoya. Nikamwita kwa sauti ile mnayoijua. Akanitazama, akaniuliza, "Sasa niweke wapi?" Nikamwonyesha rafu. Rafu yenyewe mimi naifikia kwa kuchuchumia.

Na mimi ni mwalimu wa chekechea, jamani. Darasani kwangu kila kitu kiko usawa wa kiuno cha mtoto. Nyumbani nimejenga kwa kimo changu, kisha namlaumu mtoto.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Rome, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya kulelea watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Mwanzoni mwalimu ndiye aliyegawa vifaa na kuvirudisha kabatini, kisha anafunga kwa ufunguo. Montessori akagundua kwamba vifaa vikirudishwa, watoto wanainuka na kumfuata mwalimu: walitaka kurudisha wenyewe. Siku nyingine mwalimu alisahau kufunga kabati, akakuta watoto wamejichukulia. Yeye akaona wizi. Montessori akaona kwamba wanajua wanachotaka na kinapokaa, akaleta makabati mafupi wanayoyafikia. Hakuna fimbo hapo. Ni fundi seremala tu.

Sisi hata seremala hatumhitaji. Nilichukua msumari, nikampima mwanangu, nikaugongomea ukutani usawa wa kifua chake: huo wa begi la shule. Boksi la sabuni likawa la vitu vya kuchezea, nikachora gari ubavuni kwa kuwa hajui kusoma. Jingine la viatu, mlangoni. Na nikaacha kusema "panga vitu", maana neno hilo kwa mtoto wa miaka minne ni kama mtu akwambie "tengeneza maisha." Nikasema, "Gari lirudi kwenye boksi lake." Likarudi.

Nikaharibu tena. Alijifunza kukunja shuka, akalikunja kama sambusa. Alipogeuka, nikalikunjua nikalikunja upya. Kumbe ananiona kwenye kioo. Wiki mbili hakugusa shuka. Kwa hiyo, mama, likikaa kama sambusa liache lilale hivyo. Mgeni hatakufa.

Sasa niseme la dada wa kazi, maana mnanikwepa macho. Mtoto anakula ndizi, ganda linaanguka, dada anaokota kabla halijagusa zulia. Huyo binti hana kosa, anaogopa wewe utakaporudi. Mwambie mbele ya mtoto kwamba ganda ni la aliyekula. Na wavulana! Kaka anaambiwa nenda kacheze, dada yake anaambiwa okota viatu vya kaka yako. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao nchi yetu imeuridhia, unataja wajibu wa mtoto katika kifungu cha 31: kusaidia wazazi na kuifanyia familia kazi ya kuiunganisha. Umesema mtoto. Haukusema mtoto wa kike.

Nimeona mkono kule nyuma. Ndiyo, baba... Anauliza, wa kwake ana miaka kumi na miwili, ameshazoea kuachia sahani mezani, afanyeje.

Baba, huyo usimwanzie na chumba kizima, mtagombana hadi Krismasi. Anza na sahani hiyo hiyo moja. Na usiipeleke wewe, wala mama yake, wala mdogo wake. Ilale mezani. Asubuhi akija kunywa chai ataikuta na sisimizi wake, na atakaa papo hapo. Kazi ngumu itakuwa yako: kuiangalia usiku kucha bila kuigusa.

Ila na wewe, baba, ya kwako ikikwisha, inaenda na nani jikoni?