Nauli Nayo Ni Kodi

Mliowahi kunisikia mtanisamehe, swali langu ni lile lile: mnajenga wapi?

Kila tukikaa kuzungumzia nyumba za gharama nafuu, tunahesabu saruji, nondo na riba ya mkopo. Kiwanja kinakumbukwa mwishoni. Na kwa kuwa fedha zimekwisha, anatafutwa mwenye pori lisilo na barabara, maana ardhi yake ni rahisi. Ni rahisi kwa sababu hakuna kitu pale! Hakuna kazi, hakuna shule, hakuna zahanati. Mkazi mliyempunguzia kodi ya nyumba sasa mnamtoza nauli, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Nauli nayo ni kodi, ila inalipwa kidogo kidogo, ndiyo maana haionekani kwenye michoro yenu mizuri.

Kipimo kilichozoeleka kinasema makazi yasile zaidi ya asilimia 30 ya kipato. Kuna kituo cha utafiti huko Chicago kilichochoka na kipimo hicho, kikajumlisha makazi na usafiri na kuweka ukomo wa asilimia 45 kwa vyote viwili. Ukipiga hesabu hiyo, nyumba nyingi tunazoziita nafuu zinavuliwa jina.

Sasa twendeni Iquique, kaskazini mwa Chile. Naona mmoja anatabasamu. Ndiyo, ni kisa kile kile. Karibu familia 100 zilikuwa zimekaa miaka 30 kwenye kiwanja cha nusu hekta katikati ya mji, bila hati. Ruzuku ya serikali ilikuwa dola 7,500 kwa familia, na humo humo ununue ardhi, uvute maji, ujenge. Bei ya kiwanja kile ilikuwa takriban mara tatu ya kile ambacho miradi ya namna hiyo humudu. Mtu wa kalkuleta angesema: wahamisheni jangwani huko juu, kila mmoja apate nyumba nzima. Msanifu majengo wa Chile, Alejandro Aravena, na wenzake walikataa. Walinunua kiwanja kile kile, na kwa fedha iliyobaki wakajenga nusu nyumba.

Lakini nusu ipi? Walijenga jiko, bafu, ngazi na kuta za kugawa nyumba na nyumba, yaani kazi zinazomshinda mtu kuzifanya peke yake. Kando wakaacha pengo, familia ijaze yenyewe kadiri inavyopata. Watu walihamia mwaka 2004, wakajaza. Mwaka 2016 Aravena akapewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya usanifu majengo, na dunia nzima ikashangilia nusu nyumba. Jamani! Nusu nyumba ilikuwa njia tu. Kilichookolewa ni kiwanja: baba aliendelea kwenda kazini kwa miguu, mama hakupoteza wateja wake. Chumba unaweza kukiongeza baadaye. Umbali utaupunguzaje?

Mexico ilitoa mikopo kwa mamilioni ya nyumba, nyingi zikajengwa mbali na miji. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta nyumba zipatazo milioni 5 hazina watu. Si zote za mikopo hiyo, lakini huko pembezoni kulikuwa na mitaa mizima iliyohamwa, milango imeng'olewa.

Kuna mtu ananijibu kimoyomoyo: katikati ya mji watajenga matajiri, mnyonge atapata nini? Atapata nyumba wanayoihama. Watafiti walifuatilia Helsinki, mji mkuu wa Finland, nani kahamia ghorofa mpya za katikati, nani kaingia alikotoka, na nani kaingia kwa huyo wa pili. Mlolongo ulifika hadi mitaa ya kipato cha chini, tena haraka. Bila shaka unakatika nyumba ya zamani ikivunjwa au ikifungwa kufuli kungoja bei, na asiye na kipato kabisa bado anahitaji ruzuku. Sijasema soko ni mama mzazi. Nimesema mkizuia ghorofa pale, tajiri haondoki mjini. Anakuja kushindana na wewe kwa chumba chako.

Auckland, New Zealand, waliruhusu mwaka 2016 kujenga kwa kubanana kwenye takriban robo tatu ya ardhi ya makazi, na vibali vya ujenzi vikaongezeka sana. Kuna Tokyo, kuna Vienna, lakini mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya tatu.

Basi, maswali. Anayetaka kuniuliza bei ya saruji, aanze kwa kuniambia kiwanja chake kiko wapi.