Jinsi ya kuziba tundu la slabu ili mtu asitumbukie

Habari zenu mafundi, na nyie saidia fundi mnaotazama. Tuko juu ya slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili. Uoneni ule ubao pale, umelala kama mtu kausahau tu. Chini yake kuna tundu la bomba la maji taka.

Mimi ubao ule naogopa kuliko tundu lililo wazi. Tundu wazi unaliona. Ubao huu, kibarua akitumwa mbao anauinua kwa mikono miwili, unamkinga macho, anapiga hatua moja mbele, amekwenda. Watu wengi wamekufa hivyo, na aliyeuweka pale alidhani kaziba.

Tuanze kabla ya zege. Penye matundu madogo, ongea na injinia ili nondo zipite katikati ya tundu, zisikatwe mpaka siku fundi bomba analeta bomba lake. Mtu akiteleza, nondo zinamdaka.

Fomu, zile mbao zinazoshikilia zege mpaka likauke, zikishafunguliwa, zunguka slabu nzima na rangi, weka alama kila tundu. Usidharau madogo. Kanuni za Marekani zinahesabu tundu kuanzia upana wa inchi 2, maana nyundo ikipita hapo inamkuta mtu wa chini.

Sasa mfuniko. Msiniletee jipsam wala mfuko wa saruji. Piga hesabu: zege lita 50 ni kilo 120 hivi, ongeza toroli lenyewe na anayelisukuma, unagonga kilo 200. Mfuniko ubebe mara mbili ya hapo. Kwa tundu la nusu mita hivi, mimi naweka mbao za inchi 2x4 zilizosimama kwa ubavu, zimepigiliwa plaiwudi nene juu, na mfuniko unapita ukingo wa tundu kila upande. Tundu kubwa zaidi, muulize injinia.

Halafu ukaze. Toboa zege, funga kwa boliti. Mfuniko unaoinuka kwa mkono ni ule ule ubao wa mwanzo. Juu yake andika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: SHIMO, USIFUNGUE.

Shimo la lifti na la ngazi, weka uzio: mbao ya juu usawa wa kiuno, mita 1 na kidogo, nyingine katikati, na ubao chini wa kuzuia vitu visisukumwe na mguu. Utepe wa rangi haumzuii mtu anayerudi nyuma akivuta waya.

Siku ya kufungua, fomeni ajue. Anayefungua avae mkanda wa usalama uliofungwa mahali imara, si kwenye mrunda, ule mti wa kuegemeza fomu, uliosimamishwa tu, na chini yake pasiwe na mtu. Bomba likishapita, nafasi inayobaki pembeni yake izibwe siku hiyo hiyo, kabla fundi bomba hajakusanya vifaa vyake.