Moshi Unaojifunika Wenyewe: Anga ya Beijing Msimu wa Baridi

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, hamjambo. Dirisha hili hutazama safu ndefu ya maghorofa, lakini leo mwisho wa macho ni jengo la jirani. Swali mnaloniuliza kila msimu wa baridi ni la haki: ikiwa viwanda na magari ya Beijing ni yaleyale ya juzi, iweje hewa ichafuke maradufu kwa usiku mmoja?

Jibu limo katika tabaka la chini la angahewa. Kwa kawaida jua hupasha ardhi joto, hewa ya chini ikapanda na kuutawanya moshi hadi kilomita moja au zaidi kwenda juu. Chembechembe zikishajaa, huzuia mwanga usifike chini, hivyo ardhi hubaki baridi. Na masizi ya makaa ya mawe na dizeli huunyonya mwanga huohuo na kuipasha hewa ya juu. Hewa ya joto ikikaa juu ya hewa baridi huwa mfuniko: tabaka hushuka hadi mita mia chache, moshi hubanwa, na kadiri unavyobanwa ndivyo mfuniko unavyokaza. Unyevu nao hunaswa humo, chembechembe zikaunywa na kuvimba. Ding Aijun wa Chuo Kikuu cha Nanjing na wenzake waliyaita haya, mwaka 2016, athari ya kuba.

Januari 2013, kipimo cha ubalozi wa Marekani hapa kilisoma mikrogramu 886 za PM2.5, yaani chembe ndogo mno zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, kwa mita ya ujazo, ilhali Shirika la Afya Duniani wakati huo lilitaka wastani wa siku usizidi 25. Milima ya Yanshan na Taihang, inayouzunguka mji kaskazini na magharibi na kuzuia upepo, haikusaidia.

Ndiyo maana kupunguza masizi kuna faida mara mbili. Makaa yalipobadilishwa kwa gesi, pamoja na hatua nyingine, wastani wa mwaka wa PM2.5 ulishuka kutoka mikrogramu 89.5 mwaka 2013 hadi 33 mwaka 2021; nawapongeza waliolifanikisha hilo, ingawa baadhi ya wanavijiji wa Hebei, jimbo linalouzunguka mji huu, walitetemeka kwa baridi gesi ilipopungua mwishoni mwa 2017.

Mnaokuja kusoma huku, siku kama hii msifanye mazoezi ya kukimbia alfajiri, kwani mfuniko huwa chini mno, na barakoa ya kitambaa haizuii chembe ndogo kiasi hicho.