Buibui Mpiga Samasoti na Safari ya Kupata Jina

Walimu wenzangu, wanafunzi, na wazee wetu mliotuheshimu kwa kufika, shikamooni. Chupa hii ina buibui niliyemkamata jana usiku nyuma ya mlango wa jikoni, hapa hapa Lindi. Ipitisheni taratibu, mfuniko msiufungue. Tazameni miguu: imelala pembeni kama ya kaa. Mwili ni bapa, ndiyo maana anapenya kwenye ufa. Chini ya kifua amekumbatia kitu cheupe, cha duara, bapa kama sarafu. Ni mfuko wa mayai. Huyu hategi utando, anawinda kwa mbio, na mende wa nyumbani wanamjua. Msimpige kandambili.

Nimeanza naye kwa sababu ana ndugu wa familia moja huko Moroko, kwenye matuta ya mchanga ya Erg Chebbi. Mchana ndugu huyo hujificha joto ndani ya mrija alioufuma kwa nyuzi na mchanga. Usiku hutoka kuwinda. Akitishwa hukimbia kwanza. Adui akizidi kumsogelea, hujirusha na kupiga samasoti mfululizo kama watoto wetu wanavyofanya pale ufukweni, na mwendo hupanda kutoka mita 1 hadi mita 2 kwa sekunde. Yupo buibui wa jangwa la Namib anayejiviringisha kama gurudumu, lakini yule hutegemea mteremko. Wa Moroko hujisukuma mwenyewe, hata tuta analipanda hivyo hivyo.

Aliyemgundua ni Ingo Rechenberg wa Berlin, mhandisi aliyetafuta kwa viumbe mbinu za kuundia mashine. Buibui huyo akafikishwa kwa Peter Jäger, mtaalamu wa buibui wa taasisi ya Senckenberg, Frankfurt. Sasa hapa naomba tutulie, maana kazi yenyewe ndiyo hii.

Algeria na Tunisia kuna buibui mwingine, Cebrennus villosus, anayefanana naye sana. Utawatenganishaje? Rangi inadanganya: buibui akijivua gamba hubadilika, akikaa kwenye spiriti hupauka. Samasoti nayo haionekani kwa buibui aliyekufa. Mtaalamu huweka hadubini na kutazama viungo vya uzazi. Dume aliyekomaa ana vipapasio viwili mbele ya uso, ncha zimevimba mithili ya glovu za bondia, na ndani yake mna vijipindo vya kupitishia mbegu. Jike ana kibamba kigumu chini ya tumbo. Maumbo hayo ndiyo yanayobainisha spishi. Yalipolinganishwa, ikaonekana wa Moroko ni spishi nyingine kabisa, na mwaka 2014 akaitwa Cebrennus rechenbergi.

Kulinganisha kunahitaji kielelezo, yaani kiumbe yule yule aliyepewa jina mara ya kwanza, aliyetunzwa ili wengine waje wamkague. Sisi wa Lindi tunalijua jambo hili kwa uchungu. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kilima cha hapa mkoani kwetu, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa hadi Berlin, na mtoto wa hapa akitaka kuilinganisha na chochote atakachookota lazima avuke bahari. Naamini tuanze kutunza vya kwetu. Komba mdogo wa Rondo alikuwa akilia kwenye misitu yetu kabla sayansi haijampa jina, na mlio wake ni mojawapo ya alama zilizomtofautisha na komba wengine. Kuna buibui wangapi kule juu Rondo ambao hajawatazama mtu?

Vifaa si vya gharama: chupa, spiriti na kikaratasi. Kiandikeni kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, kisha kikae ndani ya chupa. Andikeni mahali, tarehe, nani aliyemkamata na alikuwa wapi: chini ya gogo, ukutani, kwenye mkorosho. Buibui asiye na kikaratasi hana kwao.

Chupa naona imefika safu ya nyuma. Ikirudi, wanafunzi wasogee na lenzi tumhesabie macho. Yako manane, safu mbili.