Kilo moja ikifika sokoni imekula shilingi ngapi?

Ndugu wakulima, wafanyabiashara na maofisa wa halmashauri, habari za asubuhi.

Ukiuliza kwa nini mwekezaji aje Mbeya, Njombe au Mafinga aache Pwani, utajibiwa haraka: ardhi ni nafuu, vibarua wapo, malighafi iko mlangoni. Ni kweli. Lakini mnunuzi wa Dar es Salaam au Lusaka hanunui ardhi yetu wala siku ya kibarua wetu. Ananunua kilo iliyomfikia, na ushindani wa mkoa unapimwa hapo.

Hata hiyo hoja ya vibarua tuipigie hesabu. Tuseme kibarua analipwa 10,000 kwa siku na anapanga kreti 40 za parachichi: kreti moja ni shilingi 250. Mwingine analipwa 15,000, lakini ana meza ya kimo kinachofaa, mzani na kreti zilizokwisha kuoshwa, anapanga 100: kreti moja ni 150. Aliyelipwa zaidi ndiye wa bei rahisi.

Sasa barabara. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na mlima Kitonga uko katikati. Bei kikomo za EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, zenyewe zinaonyesha dizeli ya Mbeya iko juu ya ile ya Dar, kwa kuwa mafuta nayo yamepanda barabara hiyohiyo. Msidanganyike na wingi wa magari yanayoshuka kutoka Tunduma. Tenki likishamwaga mafuta Zambia linarudi tupu, na tenki halibebi viazi. Lori la bodi linalorudi tupu ndilo la kukamata, kwa sababu dereva atakubali nauli ya chini kuliko gari lililoitwa kutoka Dar makusudi. Ila halitakusubiri siku mbili: mzigo uwe umechambuliwa, umefungwa na umepimwa kabla hujampigia simu dalali.

Hapo kwenye kupima ndipo tunapoumia kuliko popote, nami nataka nikae hapo. Lori la kubeba tani 30 linachukua magunia 300 ya kilo 100. Ukijaza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ya kilo 130, magunia 300 ni tani 39. Mizani iko Uyole, iko Makambako, iko Wenda, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayotumika nchini tangu 2019 inabana uzito wa kila ekseli, na gari zima pamoja na mzigo wake lisizidi tani 56. Mwenye gari atalipa tozo ya uzito uliozidi, atashusha magunia barabarani, au atapakia magunia 230 tu. Vyovyote atakavyofanya, fedha hiyo ataitoa kwenye bei ya shambani. Mkulima aliyetoa kilo 30 bure kwenye kila gunia anakatwa mara ya pili, bila kujua.

Umeme nitaugusa kidogo. Bei ya uniti ya TANESCO haibagui mkoa. Tofauti inaletwa na kukatika. Jenereta hutoa kama uniti 3 hadi 3.5 kwa lita. Dizeli ikiwa 2,800, uniti moja inakugharimu 800 hadi 930 kabla hujabadilisha oili. Na majani ya chai ya Rungwe au Mufindi hayangoji fundi: yakilundikana yanapata joto, yanageuka rangi, na daraja la ubora linashuka siku hiyohiyo.

Ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini kila geti la ushuru linalosimamisha gari lina bei yake. Mzigo wa milioni 60 kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka unakula karibu 29,600 kwa kila siku unayolala njiani, na hapo bado hujahesabu posho ya dereva wala nyanya zilizooza.

Kwa hiyo, maofisa wetu, kabla ya brosha nyingine ya uwekezaji, nunueni mzani wa jukwaa kwa kila kituo cha kukusanyia viazi, Wakala wa Vipimo waukague kila mwaka, na stakabadhi ya mkulima iandikwe kilo, si idadi ya magunia. Ushuru ulipwe hapohapo kwa karatasi hiyohiyo, ili geti la mbele lisome namba na kuliacha gari lipite.